Flipa ya Iron Man: wakati sumaku na resori vinageuka kuwa adui

Watu wengi wanamujua Iron Man katika filme: tajiri mwenye akili, anavaa nguo za chuma na kuruka angani. Lakini katika mwaka wa 2010, kampuni Stern Pinball, ya karibu na Chicago kule Marekani, ilimuingiza mu mashini ya flipa. Hapo hakuna kukaa tu na kutazama. Ni wewe mwenyewe unapigana, na silaha yako ni kampira kamoja ka chuma.

Fundi mwenye kuchora mashini hiyo ni John Borg. Kazi yake ilikuwa hii: kufanya meza ya mbao isimulie vita ya shujaa, bila mutu kusimama na kueleza.

Meza yenye kuinama

Meza ya flipa inafunikwa na kioo, na imeinama kidogo kuelekea muchezaji, karibu digrii 6 na nusu. Kampira kana upana wa milimeta 27 na uzito wa karibu gramu 80. Muchezaji anavuta resori, kampira kanapanda mbio, kisha kanaanza kushuka.

Pale chini kuna mikono mbili midogo. Unabonyeza kifungo, umeme unapita mu bobini ya nyuzi za shaba, bobini inavuta kipande cha chuma, na mukono unapiga. Inafanyika mbele hata hujapepesa jicho. Kampira kakipita katikati ya mikono, basi, kamepotea. Kwa kawaida unapewa tutatu tu.

Adui anatoka chini

Adui mukubwa ni Iron Monger. Mwanzoni haonekane, juu amefichwa chini ya meza. Muchezaji anapaswa kupitisha kampira mu njia fulani ili kukusanya herufi za jina MONGER. Zikitimia sita, mota inamuinua jitu huyo, anasimama katikati ya meza, macho kwa macho na wewe. Sasa unamupiga. Sumaku yenye kufichwa mbele yake inaweza kukamata kampira na kukatupa tena, na mutu hajui kanaenda wapi. Ukishinda, tupira twingine tunaingia, na unapaswa kutuchunga twote mara moja.

Kuna pia Whiplash. Katika filme anapigana na viboko vya umeme. Hapa kiboko chake ni sumaku: hauione, lakini unaona kampira kanaacha njia yake.

Bahati ao ufundi?

Wachezaji wanasema Iron Man ni ya haraka na haina huruma. Ukikosa shabaha kidogo, kampira kanakurudilia mbio, kama vile kamekasirika. Unaweza kusukuma mashini kidogo ili kukaokoa. Lakini ukizidisha, kifaa chenye kuning'inia ndani kinasikia, mikono inakufa, na kampira kanapotea.

Ile swali ya bahati iliwahi kufika mbele ya wakubwa. Muji wa New York ulikataza flipa katika miaka ya 1940, ukisema ni kamari. Katika mwaka wa 1976, Roger Sharpe alicheza mbele ya baraza la muji, akasema mbele kampira kataenda wapi, na kakaenda palepale. Katazo likaondolewa.

Wakati Iron Man ilitoka, viwanda vingi vya flipa vilikuwa vimefungwa, na Stern ndiyo ilibakia ikitengeneza kwa wingi. Watu waliipenda sana, na katika mwaka wa 2014 kampuni iliitengeneza tena. Filme inaisha vilevile kila siku. Lakini hapa, shujaa anashinda tu kama vidole vyako vinafika kwa wakati.