Mto Pangani: dumu moja, hesabu mbili

Maji ya Kilimanjaro na Meru hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, kisha huitwa Mto Pangani. Kabla ya kufika baharini yamepita vituo vitatu vya umeme: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, New Pangani Falls 68. Jumla 97. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, kwa hiyo Pangani nzima haifiki asilimia 5 ya hilo.

New Pangani Falls ikifanya kazi kwa uwezo wote hutumia mita za ujazo 45 kwa sekunde, sawa na 162,000 kwa saa. Mita ya ujazo ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Tukidhani maji hayohayo yanapita vituo vyote vitatu, megawati 97 zikigawanywa kwa hizo 162,000 za saa moja, kila mita ya ujazo inatoa uniti (kilowati-saa) 0.6. Kwa bei ya umeme ya 2016 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni shilingi 175. Dumu moja basi ni shilingi 3.50.

Sasa lichukue lile dumu la njano, mdomo umezibwa kwa nailoni kwa sababu kifuniko kilipotea zamani, ulipeleke kwenye kioski cha maji katika miji ya Same au Mwanga. Nakadiria bei ya kulijaza shilingi 50, makusudi chini. Mita ya ujazo inakuwa shilingi 2,500, mara 14 ya umeme. Kweli, ndani ya 50 kuna bomba, pampu na muuzaji. Lakini hata ndani ya 292 kuna nguzo, nyaya na transfoma.

Je, miji ikinywa, mashine zitakosa maji? Watu 500,000 kwa lita 50 kila mmoja ni mita za ujazo 25,000 kwa siku, chini ya asilimia 1 ya mita 45 kwa sekunde. Bwawa lenyewe, likijaa, lina kilomita za mraba kama 140. Jua likikausha milimita 5 kwa siku (kadirio langu), zimeondoka mita za ujazo 700,000: mara 28 ya kiu ya watu hao wote.

Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota bwawani humo, ulizinduliwa 2025. Kwa hesabu hizi, kilichokuwa kikikosekana miaka yote kabla ya hapo ni mabomba, si maji.

Bei ya dumu mtaani kwako ikiwa nyingine, izidishe kwa 50 mwenyewe.