Kituo cha data kikija, stima itakuwa ya nani?

Kwa midahalo siku hizi, mmoja anaahidi vituo vya data, mwingine anasema vitatumalizia stima. Wote wanatuambia nusu. Tuanze na Ireland, nchi ya watu milioni 5 na ushee.

Mwaka 2015 vituo vya data vilikula takriban asilimia 5 ya umeme wao. Kufikia 2023 ilikuwa asilimia 21, zaidi ya nyumba zote za mijini zikijumlishwa. Huko Dublin ikawa vigumu sana kituo kipya kupata laini. Ushuru wanapata mwingi, sikatai, lakini hasa ni kwa sababu makampuni yameweka makao yao pale. Seva peke yake haileti hayo.

Sasa kwetu. Mei 2024 Microsoft na G42 zilitangaza kituo Olkaria, megawati 100 kwa kuanzia. Mapema 2025, nchi nzima ikitumia stima kwa wingi zaidi, ilikuwa kama megawati 2,300. Yaani mteja mmoja, zaidi ya asilimia 4!

Lakini ngoja. Usiku wa manane tukilala, mvuke wa Olkaria mwingine huachiliwa bure kwa kukosa mnunuzi. Saa hizo mteja asiyelala ni baraka. Shida ni saa moja jioni, kila mtu amewasha taa na gridi inahema.

Ajira? Nyingi ni za mjengo. Baadaye hubaki mafundi na walinzi wachache.

Kwa hivyo mgombea akitaja mabilioni, muulize: stima ikipungua jioni, mkataba unasema nani azimiwe kwanza?