Je, Wajua? Mita Nne Zinazopima Msuli wa Paja

Je, wajua kwamba mita 4 za uani zinaweza kumweleza daktari mengi kuhusu mzee wako? Piga alama mbili kwa jivu, ziachane mita 4, kisha umwombe atembee mwendo wake wa kila siku, bila kujikaza. Akitumia sekunde 5 au zaidi, kasi yake haijapita mita 0.8 kwa sekunde. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2019, hutumia kiwango hicho kutambua sarkopenia iliyokomaa, yaani kupotea kwa nguvu na unene wa misuli uzeeni.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliunganisha takwimu za wazee 34,485 wa miaka 65 na kuendelea kutoka tafiti 9. Umri, jinsia na kasi ya kutembea vilitosha kukadiria uhai wa mtu, na makadirio hayo hayakuzidiwa na yale yaliyotumia umri, jinsia, magonjwa sugu, uvutaji sigara, presha, uzito na kulazwa hospitalini. Mwendo hubeba habari za moyo, mapafu, mishipa ya fahamu na misuli kwa pamoja.

Mhusika mkuu hapa ni msuli wa mbele ya paja. Una vichwa vinne vinavyokutana kwenye pia ya goti, na ndio unaonyoosha goti mtu anapoinuka kitini. Wakazi wa Meru na Embu wanaujua kwa miguu yao hata kama hawajawahi kuusoma, maana miteremko ya Mlima Kenya imekatwa na mito isiyohesabika. Ukitoka Runyenjes kuelekea Chuka, barabara inashuka hadi mto Thuci kisha inapanda tena, na vijia vya mashambani ni vikali kuliko barabara. Kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakotesa paja: msuli unarefuka huku ukivuta, ukifanya kazi ya breki. Ndiyo maana mzee anayepanda bila shida anaweza kushikilia migomba anaposhuka.

Ndani ya paja kuna nyuzi za polepole, zinazovumilia mwendo mrefu, na nyuzi za haraka, zinazofyatuka ghafla. Uzee huzidhoofisha zaidi zile za haraka, na baadhi ya neva zinazoziamrisha hufa. Kwa hiyo nyanya anaweza kutembea hadi sokoni na kurudi, lakini akijikwaa kwenye mzizi, mguu unachelewa kumdaka.

Kenya ina nafasi yake katika sayansi ya mwendo. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaojitwika kichwani, na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, mtindo uliozoeleka pia Meru na Embu. Waligundua kwamba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nishati. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za kuni au majani ya ng'ombe. Lakini nishati kutoongezeka si paja kupumzika, kwani kuinuka na mzigo kutoka chini ni kazi nzito ya msuli.

Sidai mama wa miaka 75 arudishiwe kuni. Shingo na magoti yake yamelipia vya kutosha. Ninachokipinga ni ile heshima ya kumkalisha. Watoto wanafika kutoka Nairobi, wananunua kiti laini, wanaajiri msaidizi, na kuanzia siku hiyo mzee anaambiwa, "Keti tu, utaletewa." Katika utafiti mmoja wa Marekani wa 2007, wazee wenye afya waliolala kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama isiyo mafuta miguuni.

Hasara hiyo hurekebishika. Boston, mwaka 1990, wazee dhaifu 10 wenye umri wa karibu miaka 90 waliandikishwa kunyanyua vyuma kwa wiki 8. Waliomaliza waliongeza nguvu za mapaja kwa wastani wa asilimia 174.

Nyumbani vyuma havihitajiki. Kiti imara kilichoegemezwa ukutani kinatosha: ainuke na kuketi mara 5 huku amekunja mikono kifuani. Akipita sekunde 15, paja limelegea, na zoezi lenyewe ni sehemu ya dawa. Awe na mtu wa kumshika pembeni.

Chakula nacho kitazamwe, maana wengi wasio na meno huishia kwa uji na chai. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya figo. Yai moja lina kama gramu 6. Ndengu, kunde na mbaazi za Mbeere zikipikwa hadi zilainike na kupondwa, pamoja na maziwa, zitamsogeza mbele.

Ukienda nyumbani likizo ijayo, nenda na futi ya kupimia. Pima zile mita 4, andika sekunde, urudie baada ya miezi mitatu, na zikiongezeka mpeleke kliniki na karatasi hiyo mkononi.