Usikate Njia ya Kiboko

Ndugu msomaji, pengine wewe ulizaliwa Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, na mnyama wa pori umemwona tu katika kitabu cha shule. Kwetu sisi watu wa mji, neno "nyama" lina maana mbili: ni kile kinachotembea porini, tena ni mboga inayochemka katika sufuria. Kwa hiyo tukisikia jina la kiboko, wengi wetu tunawaza sufuria kwanza.

Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka usiku mmoja wa mwezi wa 8, mwaka 2009, nilipokutana naye njiani. Nakuelezea kisa hiki sababu wengi wenu mnasafiri wakati wa likizo kwenda kusalimia wazee kijijini.

Safari ya haraka

Nilishuka kwa treni mpaka Bukama, pale mto Lualaba unapoanza kupitika kwa mashua. Toka hapo tulipanda baiskeli watu watatu: mimi, kijana mmoja wa kwaya, na mzee shemasi, mvuvi tangu utoto wake. Mama wa kijana yule alikuwa ameniambia kwenye stesheni: "Pasta, ni wewe utanirudishia mutoto."

Siku ya pili tulichelewa kutoka katika kijiji kimoja cha kando ya mto. Mahubiri yangu yalikuwa marefu, tena chakula kilikuja saa kumi. Jua lilipokaribia kuzama, mzee akasema: "Pasta, tulale hapa. Hii njia ya kandokando ya maji, usiku iko na mwenyewe."

Nikacheka. Nikamjibu: "Baba, kesho asubuhi watu watatungojea. Mwezi utatuangazia." Mzee hakubishana. Alinipa heshima, na mimi niliitumia vibaya heshima yake.

Njia yenye mistari miwili

Kweli, mwezi ulikuwa mkubwa. Kushoto kwetu palikuwa matete na mto. Kuume palikuwa uwanda wa majani mafupi sana, kama mtu ameyafyeka. Tulipofika mahali fulani, njia nyingine ilikatiza yetu, kutoka mtoni kwenda kwenye majani. Ilikuwa na mistari miwili iliyochimbika, na katikati yake tuta dogo.

Kijana akauliza: "Hapa gari inapitaka?"

Mzee akasimama pale pale. Akatuonyesha mavi yaliyorushwa juu ya vichaka, bado mabichi. "Gari gani? Hii ni miguu ya kiboko. Na ameshatoka ku maji."

Umeelewa, msomaji? Mnyama alikuwa upande wa majani, na mto ulikuwa upande wa pili. Sisi tulisimama kati yake na nyumba yake.

Ndipo tukasikia sauti ya majani yanayong'olewa, kisha mguno mzito. Kijana akatupa baiskeli, akageuka kukimbilia mtoni, kule alikoona mtumbwi umefungwa. Mzee akamshika shati: "Hapana ku maji! Acha kinga, panda kisugulu!"

Kilikuwa kichuguu kirefu cha mchwa, hatua kama kumi na tano pembeni, kama vile vilivyojaa katika Katanga yetu. Tulikipanda kwa mikono na magoti.

Kiboko akaja. Hakuwa mzito wa mbio kama tunavyodhani sisi. Alipita katika njia yake ile ile, kichwa chini, na tulisikia udongo ukitikisika. Baiskeli ya kijana ililala katikati ya njia. Akaikanyaga, hakugeuka hata kuiangalia, akaingia majini. Kisha kimya. Tulikaa juu ya kichuguu mpaka kukapambazuka.

Asubuhi tulikuta gurudumu la mbele limekunjwa kama jani la muhindi. Baiskeli ile ilikuwa ya mjomba wake, ndiyo iliyobeba makala ya kuuza. Niliilipa kwa miezi mitatu. Lakini lililonitesa zaidi ni siku ya kumrudisha kijana kwa mama yake. Sikuweza kumtazama machoni mpaka nilipomwambia ukweli: kosa halikuwa la kiboko, wala la mtoto. Lilikuwa langu.

Kumjua ni kujilinda

Kiboko hali nyama. Anakula majani, kama kilo 40 kwa usiku mmoja. Mchana anakaa majini sababu ngozi yake haivumilii jua. Jioni anatoka kwa njia zake za siku zote, na kabla ya asubuhi anarudi. Uzito wake unaweza kupita kilo 1,500, na dume kubwa linaweza kufika kilo 3,000. Hata hivyo anaweza kukimbia karibu kilomita 30 kwa saa. Wewe humshindi.

Akiogopa, anakimbilia majini. Ukiwa umesimama katikati, anakupitia juu. Na mama mwenye mtoto ni mkali kupita wote.

Lakini yeye naye anatuogopa kwa haki. Katika Parki ya Virunga, mashariki ya inchi yetu, viboko walikuwa karibu 29,000 katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000. Watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Tena kiboko anapokufa, mvuvi pia anapoteza, maana mavi yake yanarutubisha maji, na samaki wanapata chakula.

Wewe unaposafiri

Usitembee kando ya mto toka jua linapozama mpaka kumepambazuka. Ukiona njia yenye mistari miwili na mavi yaliyotawanyika, ondoka hapo upesi. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Ukiwa katika mtumbwi, pitia karibu na ukingo, penye maji machache, na kama kundi liko mbele, lizunguke mbali. Usimtupie jiwe ili marafiki wacheke.

Na mwenyeji akikuambia "tulale hapa", shusha mzigo wako, hata kama wewe ndiwe pasta. Watu wanaokungojea kesho watakungojea tena kesho kutwa.

Wazazi, jioni hii waulizeni babu na bibi ni mnyama gani walikutana naye njiani zamani, na walifanya nini. Vijana, sikilizeni mpaka mwisho. Mzee yule shemasi hakusoma shule ya Biblia kama mimi, lakini usiku ule yeye ndiye aliyejua kusoma.