Ulinganifu wa Kifaa na Mwili: Pesari katika Tiba ya Kushuka kwa Viungo vya Nyonga

Kushuka kwa viungo vya nyonga ni hali ambayo mfuko wa uzazi, kibofu cha mkojo au puru huteremka na kuusukuma ukuta wa uke, wakati mwingine hadi nje, kwa sababu misuli na tishu zinazovishikilia zimelegea. Kujifungua kwa njia ya kawaida, umri mkubwa, kikohozi cha muda mrefu na kubeba mizigo mizito ni miongoni mwa visababishi vyake. Wanawake wengi huificha hali hii kwa kuona aibu, ilhali inatibika.

Mojawapo ya tiba zisizohitaji upasuaji ni pesari, yaani kifaa kinachowekwa ukeni ili kuvishikilia viungo hivyo mahali pake. Dhana hii ni ya kale: waganga wa Kiyunani walitumia nusu tunda la komamanga. Leo pesari nyingi hutengenezwa kwa silikoni, zikiwa na umbo la pete, sahani au mchemraba, kwa saizi zilizopangwa kiwandani.

Ugumu hujitokeza katika uteuzi wa saizi. Mhudumu hupima uke kwa vidole, huweka pesari anayoikadiria, kisha humtaka mgonjwa atembee, achuchumae, akohoe na akojoe kabla ya kuondoka kliniki. Pesari ndogo huponyoka. Iliyo kubwa mno huzuia mkojo au huchubua uke. Hivyo, majaribio kadhaa huweza kuhitajika, na baadhi ya wagonjwa huiacha tiba mapema.

Ili kupunguza kubahatisha huko, kampuni ya Cosm Medical ya Toronto, Kanada, imebuni utaratibu wa kumtengenezea kila mwanamke pesari yake. Vipimo vya mwili huchukuliwa, umbo husanifiwa kwa kompyuta, kalibu hutengenezwa kwa printa ya 3D, kisha silikoni humiminwa ndani yake.

Hata hivyo, ulinganifu wa umbo hauondoi haja ya ufuatiliaji. Pesari iliyosahaulika ukeni kwa miaka huweza kusababisha fistula. Utafiti wa TOPSY wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha wanawake 340, ulibaini kuwa waliofundishwa kuitoa, kuisafisha na kuirejesha wenyewe hawakuwa na ubora duni wa maisha kuliko waliohudumiwa kliniki, na walipata matatizo machache zaidi.

Kwa hiyo, kipimo sahihi ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni mafunzo anayopewa mwanamke kabla ya kurudi nyumbani.