Konje ya Zanzibar: mbele ya kushuka mu bahari, uliza mapafu yako

Ile njia yenye kubeba shaba yetu tunaijua wote: Kasumbalesa, Zambia, Nakonde na Tunduma, Mbeya, kisha Dar es Salaam. Zamani mashofere wa makamio ndio walifika mupaka ku bahari. Leo wafanyakazi wamoja wa migodi nao wanaweka makuta pembeni, wanachukua konje na bibi na watoto, wanafuata njia ileile, wanapanda bato ku Dar, na kisha karibu saa mbili wako Zanzibar.

Kule Nungwi, ao karibu na kisiwa cha Mnemba, wanauzisha siku moja ya kuzamia. Unavaa maske, unabeba bombone ya hewa ku mugongo, mwalimu anakaa pembeni yako, munashuka kuangalia samaki na matumbawe. Hata mutu mwenye hajazamia hata siku moja wanamukubali. Ni kitu cha wazungu tu? Hapana, hata sisi tunaweza. Lakini mufanyakazi wa mugodi anabeba vumbi ya miaka mingi mu kifua, na ile vumbi haibakie ku mupaka. Kwa hiyo mipango ya ile siku inaanzia huku kwetu, kwa munganga.

Maji inafanya nini mu kifua

Ku mita 10 ndani ya maji, nguvu yenye kukukandamiza ni mara mbili ya ile ya inje. Hewa yenye unavuta kule inakandamizwa vilevile. Ukipanda, inapanuka: hewa yenye ilijaza mapafu ku mita 10 inaomba nafasi mara mbili ukifika juu. Ndio maana sheria ya kwanza ni hii: usizuie pumuzi hata kidogo, na upande polepole. Mutu wa kifua kizima anapumua, hewa inatoka. Lakini pafu lenye makovu ya vumbi, lenye kuguswa na silikoze, kifua kikuu ao pumu, linaweza kuwa na mahali hewa inaingia na inakosa njia ya kutoka. Pale linaweza kupasuka, hata karibu na juu ya maji.

Mbele ya kushuka, watakupa karatasi ya maulizo: mapafu, moyo, masikio, kifafa, operesheni, dawa, mimba. Kwa maulizo fulani, ukijibu ndiyo, wanaomba sahihi ya munganga. Wamoja wanajaza hapana kila mahali, kwa sababu makuta imeisha kulipwa na bato inangojea. Ndugu, hiyo ni sawa na kuingia mu shimo na umeisha kusikia harufu ya gesi.

Basi, mbele ya kukata tikiti, enda kwa munganga wa kazi na umwambie wazi: nataka kuzamia. Aangalie radio ya kifua, apime nguvu ya pumuzi, aangalie ngoma za masikio. Baruti na mashine zinaharibu masikio ya wengi. Omba karatasi yenye sahihi. Mama mwenye mimba asizamie. Mutoto mwenye hajatimiza miaka 10 naye abakie juu.

Mutu wa migodi na wa bahari

Historia ya kuzamia na yetu zimeshikana. Mu karne ya 19, wafanyakazi wa madaraja makubwa walichimba chini ya mito ndani ya masanduku yenye kujazwa hewa ya nguvu. Wakitoka haraka, viungo vilikunjika, wamoja walikufa. Ku daraja la Brooklyn, New York, hata Washington Roebling, mukubwa wa ile kazi, aliangushwa na huo ugonjwa mu 1872.

Mwenye kuonyesha namna ya kupanda bila kuumia ni John Scott Haldane, mutu wa Scotland. Ndiye aliyechunguza gesi zenye kuua wachimbaji wa makaa ya mawe, akashauri wabebe ndege mudogo chini ya udongo ili awaonye. Mu 1908, yeye na wenzake walitangaza hesabu za kupandisha wazamiaji kwa vituo. Sheria za bahari na zetu zilitoka mu damu ya wafanyakazi.

Maulizo mbele ya kulipa

Tuko na bahati moja: kule wanasema Kiswahili. Omba mufundishwe kwa Kiswahili, usikubali kutikisa kichwa mbele ya Kiingereza chenye husikie. Kisha uliza:

– Mwalimu iko na karatasi ya chama gani: PADI, SSI ao CMAS? Karatasi ni ya mwaka huu?
– Atabeba watu wangapi? Kwa siku ya namna hii, PADI haikubali zaidi ya wanne kwa mwalimu mumoja mu bahari. Wawili ni muzuri zaidi.
– Tutajifunza kwanza mu maji mafupi? Na tutashuka mita ngapi? Kwa mwanzo, mwisho ni 12.
– Mu bato kuko oksijeni? Chumba cha presha cha karibu kiko wapi?
– Bei inaingiza vyombo, chakula na malipo ya hifadhi?

Jibu la kuzungukazunguka ni jibu. Tafuta mwengine.

Angalia pia majira. Masika, kuanzia mwezi wa 3 mupaka wa 5, mvua ni mingi. Upepo wa kusi, katikati ya mwaka, unachafua bahari upande wa mashariki. Usisahau karatasi ya sindano ya homa ya manjano. Watu wenye kutoka Kongo wanaiombwa.

Chini ya maji, kidole gumba juu hakimaanishe "sawa" kama kwetu; kinamaanisha "tupande". "Sawa" ni kufunga duara na kidole cha pili. Masikio yakikaza, bana pua na upulize polepole, mapema. Yakikataa, usilazimishe: onyesha sikio, panda kidogo. Uko na haki ya kukataa kila wakati, hata kama umelipa.

Siku ya kuzamia isiwe ya mwisho

Kisha kuzamia, mwili unabakia na nayitrojini yenye inatoka polepole. Ukishuka mara moja, ngojea saa 12 mbele ya kupanda ndege. Mara mbili ao zaidi, saa 18. Siku muzima ni salama zaidi. Na mwenye kurudia na bisi asiseme haimuguse: kutoka Dar, barabara inapanda Kitonga mupaka Iringa, kisha Mbeya, ku mita karibu 1.700. Zamia ku mwanzo wa konje, siku za mwisho tembea na watoto ku Mji Mkongwe.

Kama munganga amekataza, konje haijafa. Ku Mnemba matumbawe mengi yako karibu na juu. Muulize kama unaweza kuelea na maske na kijiti cha kupumulia. Lakini usiishie pale. Ile radio yenye kusema hapana kwa bahari inasema nini juu ya shimo lenye utarudilia siku ya kwanza ya kazi? Omba matokeo yako mu mukono, na uyapeleke kwa delege.