Kichanja Kwanza, Mbegu Baadaye

Bustani ya shule yetu hapa Segerea si pambo. Fedha za mboga zake huwanunulia madaftari wenzetu wasio na uwezo. Kwa hiyo masika ya mwaka jana, kichanja chetu cha matango kilipoanguka usiku mmoja, hasara haikuwa ya bustani peke yake.

Kosa lilikuwa letu. Tulipanda mbegu, tukangoja miche itambae, ndipo tukachomeka vijiti vyembamba. Vijiti vilikata mizizi. Mvua ikalegeza mchanga. Matango yakazidi uzito, na upepo wa kusi ukamaliza kazi. Matunda yaliyolala topeni yakaoza. Basi yafaa tueleze namna kichanja kinavyosimamishwa, mwingine asije akapata hasara kama yetu.

Kwanza, tazama mwelekeo. Kichanja kitoke kaskazini kwenda kusini. Jua la asubuhi litapiga upande mmoja, la alasiri upande wa pili. Tena kusi na kaskazi, pepo kubwa za pwani yetu, kwa sehemu kubwa zitapita ubavuni mwake badala ya kukisukuma kifuani.

Pili, simika nguzo kabla ya kupanda. Kila nguzo iwe na urefu wa futi 8, na futi 2 ziingie ardhini. Udongo wa kichanga haushiki mti kwa nguvu, kwa hiyo shindilia sana. Kati ya nguzo na nguzo ziwe futi 6, na nguzo za mwisho ziegemezwe kwa mti wa mshazari. Zikague mara kwa mara, maana mchwa hali likizo.

Tatu, funga waya juu na chini, kisha teremsha kamba za mkonge, moja kwa kila mche. Mkonge wenyewe uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kwa nini kamba? Kwa sababu tango haliwezi kukumbatia nguzo nene. Hushika kwa vinyuzi vyake vidogo: kinyuzi kikigusa kitu chembamba hujizungusha, kisha hujikunja kama springi na kuuvuta mmea juu. Charles Darwin aliandika habari za mimea ya namna hii mwaka 1865. Nguzo hubeba uzito. Kamba hutoa mshiko. Kimoja bila ya kingine hakifai.

Nne, sasa panda mbegu, futi moja kati ya shimo na shimo. Mmea uliopanda juu hupata hewa, majani yake hukauka upesi baada ya mvua, ukungu hupungua, na matunda huwa safi.

Muhula huu nguzo zetu zimekwisha kusimama, na mbegu bado zimo ndani ya pakiti. Wazazi wenye miti mikavu au vipande vya waya nyumbani, tunawaomba wasivitupe. Huku shuleni vina kazi.